Mayu, Nitumie Tusi

Ugogo, korongoni, mbele ya Manyoni

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza hukuisikia, ulikuwa unamwambia Dada Doto asogee mlangoni kwenye mwanga. Mgongo unaendeleaje? Yule mbuzi mweusi ameshazaa? Mimi mzima, midomo tu imepasuka kwa upepo wa huku. Dada Doto, wewe unayesoma, soma polepole, usiruke na usiongeze maneno yako. Mwandiko mbaya, unajua shule niliiacha mapema.

Ujumbe wako umenifika, Mayu. Kwamba baba mdogo yuko tayari kwenda kwa Mzee Maganga kuniposea binti yake, na unangoja neno langu tu. Neno langu limo humu. Ila mimi kusema jambo moja kwa moja siwezi, hukunizaa hivyo. Naomba nisimulie kwanza, na baba mdogo asivae kanzu mpaka barua iishe.

Hawa wazungu wangu, Bwana na Memsabu, ni watu wa kupiga picha ndege na wanyama wa nchi kavu. Pale Kanyenye walishaitwa Bwana Ndege na Bibi Ndege. Gari lao ni lori lililojengewa nyumba mgongoni. Ndani kuna vitanda, kuna jiko, kuna pazia la maua dirishani, hata kioo cha kunyolea ndevu kimepigiliwa ukutani. Likiingia kijijini watoto wanalikimbilia, wanadhani ni duka. Mimi nalala chini yake kwenye turubai, pazuri tu. Kazi yangu kuchota maji, kutafuta kuni, kulisukuma gari likizama mchangani, na kujenga kibanda cha majani anachojifichia Bwana na kamera. Anakaa humo asubuhi nzima anangoja ndege mmoja. Hasemi, hakohoi. Nikasema moyoni, kumbe kuna kazi ya watu kama mimi.

Tumekuja kwa njia ileile aliyopita babu na pembe za ndovu begani, mpagazi wa Waarabu. Alipokuwa anatusimulia Mgunda Mkali, hii nyika isiyo na maji, tulidhani anatutisha ili tulale. Hakuwa anatutisha. Miti haina hata jani, ardhi nyeupe, ukitema mate hayafiki chini. Maji yamo chini ya mchanga wa mto uliokauka. Mwenye nguvu anachimba, mtu anashuka shimoni anachota kwa kata, anampa wa juu, wa juu anamimina kwenye hori la ng'ombe. Kisima ni cha aliyekichimba, na hiki cha hapa ni cha Mzee Chilongani, Mgogo.

Siku ya kwanza nilikwenda na madebe. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Unyamwezini, Lusu ya Nzega. Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mnyamwezi! Punda wa Waarabu! Leo mzigo umeuacha wapi? Na mbona shingo bado imezama mabegani?"

Unanijua, Mayu. Niliinamisha kichwa nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Babu yako alipita hapa na kiu. Tulimtoza nguo zote, akafika kwao na kilemba tu!"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Uso ukabadilika kabisa. Akawageukia wenzake: "Huyu si Mnyamwezi. Mnyamwezi gani anatukanwa na mtani wake anaitikia ndiyo? Huyu mgeni. Maji haya ni ya ng'ombe na ya ndugu." Nikarudi na madebe matupu.

Nilidhani nimempa heshima, kumbe nimeukana undugu wetu.

Asubuhi yake akaja mwenyewe kambini. Hakusalimu mtu. Akaichukua ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, akaitupia begani kama jembe, akaondoka taratibu huku anageuka kututazama. Bwana akawa mwekundu. "Mwizi! Washa gari, tunakwenda boma kuleta polisi." Na pipa la maji limebaki tope.

Memsabu akaniuliza, "Shija, mbona huyo mzee anacheka?"

"Anataka nimtukane, Memsabu. Mwizi angekimbia. Huyu ni mtani."

"Basi kamtukane!"

"Naona haya."

"Utaona haya na kiu pamoja?"

Nikaenda. Wanaume wote wamekaa ukingoni wanangoja. Mzee akasema, "Mgeni amefuata vijiti vyake."

Nikasema, "Sikufuata vijiti. Nimefuata nguo za babu yangu."

"Nguo gani?"

"Babu yangu hakutozwa kitu hapa. Alipita akawakuta mko uchi, wazee kwa watoto, akaona haya, akawavisha. Na hiyo uliyovaa ndiyo yake. Naona hujaifua tangu siku ile."

Nikajua nimekufa. Halafu kicheko kikatoka ndani ya kisima. Cha mwanamke. Ndipo mzee naye akacheka mpaka akakaa chini, wenzake wakapiga makofi. "Mtani wangu! Kumbe mdomo unao, ulikuwa umeufunga kwenye mzigo!" Akanirudishia miguu mitatu, akaninyang'anya ugoro wangu wote. Mkono ukatoka shimoni na kata iliyojaa, ukanipa mimi kabla ya ng'ombe. Huku, Mayu, ng'ombe ndio wanatangulia.

Basi nikawa nachota kila asubuhi. Ndege wale Bwana aliowatafuta wanakuja palepale, kwenye maji yanayomwagika. Wanafanana na njiwa, rangi ya vumbi, wakitulia huwaoni. Dume akishakunywa anaingia majini kifua chote, anajitikisa, anaruka amelowa. Nikasema huyu anapenda kuoga. Yule binti wa kisimani akanicheka tena.

"Haogi, wewe. Anabebea watoto. Kiota kiko mbali, akifika wanayanyonya maji kwenye manyoya yake."

Nilikwenda nyuma ya gari nikakaa peke yangu. Nilimkumbuka baba, alivyokwenda kwenye mkonge Tanga, na wewe ukawa unamsimamisha kila mtu anayetoka stesheni unamuulizia. Najua ndiyo maana unaharakisha niposewe hapohapo nyumbani. Unaogopa na mimi nitamezwa na njia. Mayu, mimi ni wa kurudi. Nilipo hapa naota moshi wa jiko lako.

Dada Doto, hapa watoe watoto nje. Na wewe usicheke.

Mayu, ninayemtaka ni huyo binti. Anaitwa Nyemo, ni mtoto wa Mzee Chilongani. Nikianza kusema neno likakwama, hanimalizii, anangoja mpaka litoke lenyewe. Watu wengine wote hunimalizia, hata wewe Mayu, samahani. Na ameshaniuliza huko Lusu visima viko mbali kiasi gani na nyumba yako, na nani anakuchotea siku mgongo ukiuma. Binti wa Mzee Maganga sina neno baya juu yake, atapata mwenye mdomo kuliko mimi.

Nimekuwekea picha humu. Memsabu anazisafisha ndani ya gari, madirisha yote yamezibwa kwa blanketi. Bwana alitaka kuitupa hii, anasema imeharibika. Nikaiomba. Usitazame ndege. Tazama pembeni kule chini, kuna mkono na kata. Ni wake. Sura sikuthubutu kuomba apigwe.

Mzee nilimwambia, au tuseme alinibana mpaka nikasema. Akajibu: "Mtoto wangu simtoi kwa mtu ambaye mama yake hajanitukana. Nitajuaje huko anakokwenda ana ndugu? Wakiniletea salamu za heshima, nitajua hawamtaki."

Kwa hiyo jibu liko kinywani mwako. Msibani kwa babu, yule mtani alipojilaza kaburini akidai mbuzi, wewe uliyekuwa unalia ndiye uliyemjibu mpaka waombolezaji wakacheka. Kinywa hicho sikukirithi, naomba uniazime. Barua ipitie kwa Mhindi mwenye duka pale stesheni ya Manyoni. Mvua zikikaribia tutapita Nzega kwenda mbuga ya Wembere, na Memsabu amesema gari litasimama mlangoni kwako, utaingia uone pazia.

Nisalimie bibi, umwambie njia ya mumewe bado ina kiu. Nisalimie baba mdogo, namshukuru, na kanzu aitunze, safari bado ipo, imerefuka tu. Kulwa nimebaki na deni la kumsimulia mbuni. Kwa Mzee Maganga msiseme kitu kwanza.

Kama moyo wako umekataa, Mayu, nitumie salamu nzuri nimpelekee mzee. Nitaelewa, nami nitarudi bila kinyongo. Kama umekubali, mtukane. Mtukane sana.

Mwanao asiyejua kusema,
Shija