Nilisema Ogeto ni wa Nyumba Yenu

Voi,
Jumamosi, Sabato ikiisha

Mdogo wangu Nyanchama,

Habari za hapo nyumbani? Mvua imefika? Kifua cha Baba kinaendeleaje, na mgongo wa Mama Mdogo? Mimi na watoto tu wazima. Nyaboke ameng'oka meno mawili ya mbele na amesema nisisahau kukuambia. Huku Voi jua linatuchoma kutwa, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi, na ndizi za sokoni ukiziona utacheka, vidole vya mtoto! Basi, salamu ni hizo. Nyingine sina, nisijifanye.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Najua umengoja jibu. Leo nakujibu, tena kwa Kiswahili, nawe utashangaa, maana sisi wawili tangu lini? Nimejaribu kwa Kigusii mara mbili, mara zote nikachana karatasi. Kwa Kigusii nasikia kama marehemu mama yangu amesimama nyuma yangu anasikiliza. Kwa Kiswahili ni kama niko darasani, mwalimu ananingoja nimalize, na lazima nimalize.

Umeniandikia kwamba Ogeto alimwaga uji wote wa wimbi, akakusukuma ukaangukia jiwe la kusagia, mkono ukavimba. Kwamba mjomba amekuja tena na kamba yake, anataka kaka yetu afungwe kwenye nguzo ya ghala, ukasimama mlangoni ukamwambia aanze kukufunga wewe. Kwamba mkiingia kanisani benchi zima linahama. Kwamba hujui tena kulala usingizi wa kushiba. Halafu mwisho kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ukasema watu wa yule mwalimu wa Nyamache aliyekuchumbia wamenyamaza, na kwamba unamjua aliyeharibu: Mama Bosibori, jirani yetu, eti ndiye aliyewaambia wazimu uko katika damu yako. Umemnyima hata moto. Mkikutana mtoni hamsalimiani.

Nyanchama, kamsalimie Mama Bosibori. Si yeye. Ni mimi.

Ngoja nikueleze lilivyokuwa, na nikianza kujipendelea, ruka mstari huo.

Hapa kwenye nyumba za reli kuna fundi anaitwa Makori, mtu wa Nyamache. Ni mtoto wa baba mkubwa wa mwalimu wako. Mwezi wa kwanza alikuja kwetu Jumapili, amevaa koti na jua lote hili, nikajua mara moja kwamba wamemfanya esigani, wamemtuma kuuliza habari za ukoo kabla ya ng'ombe wa mahari kutoka zizini. Nilifurahi, mdogo wangu! Nilichinja kuku. Nilikusifu mpaka Baba Nyaboke akakohoa. Nilisema hakuna msichana Manga yote mwenye mikono kama yako na moyo kama wako, na hapo sikusema uongo.

Makori akala, akanawa, ndipo akauliza taratibu, kama esigani anavyopaswa kuuliza.

"Mama Nyaboke, sisi si watu wa kukimbia kwa neno la sokoni. Tumesikia pale kwenu kuna kijana asiye mzima kichwani. Kila boma lina lake. Tunalotaka kujua ni moja tu: ni wa nyumba gani? Ni tumbo moja na huyu msichana?"

Jibu lilikuwa rahisi jamani. Hapana, ni tumbo moja na mimi. Hata mtoto angelisema. Lakini Baba Nyaboke alikuwa amekaa pale pale na kikombe chake cha chai, na tangu anioe nimemwambia kaka yangu Ogeto anafanya kazi Kitale, shamba la mzungu. Ala, nimemtungia maisha mazima! Mwaka wa kwanza alikuwa akikamua ng'ombe. Kisha nikampa kazi ya kuandika majina ya vibarua. Mwaka jana nilimpandisha cheo, nikamfanya msimamizi. Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa, lakini yangu niliirefusha miaka minane.

Nikaogopa. Nikaona moyoni Baba Nyaboke anawatazama watoto wangu mmoja mmoja. Nikamsikia mama yake akisema, ndiyo maana Nyaboke huongea peke yake akicheza. Nikajiona nashuka Kisii na watoto na masanduku, nimerudishwa. Basi nikafungua mdomo, nikasema, "Kijana huyo ni wa nyumba ndogo, ya mke wa pili."

"Tumbo moja na Nyanchama?"

"Ndiyo."

Nilisema ndiyo, Nyanchama. Kisha nikamwongezea mchuzi.

Mama yangu alipokufa, Ogeto alikuwa ameshaanza kuugua, na mimi nilikuwa nimeshaolewa, niko mbali. Mama yako, Mama Mdogo, hakulazimika kumchukua. Alikuwa mtoto wa mke mwenzake, na wewe mwenyewe unajua hao wawili walivyokuwa wakirushiana maneno. Akamchukua. Nawe, ulikuwa na miaka mingapi, kumi na minne? Ukaacha shule umwangalie. Ugonjwa ulikuwa wa nyumba yetu, kazi ikawa ya nyumba yenu, nami nikaona haitoshi, nikawapa na aibu.

Barua yako niliificha kwenye debe la unga. Kila nikichota unga naiona. Wiki mbili nzima nilipika ugali mbaya ambao watoto wataukumbuka. Mwishowe, Ijumaa moja Baba Nyaboke akipiga viatu rangi kwa ajili ya Sabato, nikamwambia. Nilianza na Kitale. Hakuinua kichwa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Hakuna Kitale. Esigani wetu alimwona Ogeto kwa macho yake kabla sijakuoa. Baba yangu akasema ukitafuta boma lisilo na mgonjwa utazeeka bila mke."

Nilikaa chini, Nyanchama, sakafuni. Nikamuuliza, "Na siku ile ya Makori?"

"Nilisikia."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningekuumbua mbele ya mgeni? Nilidhani ukishamsindikiza utaniambia mwenyewe. Nikangoja." Akaweka brashi chini. "Na mimi nimekosa. Ni msichana wa watu yule."

Nililia, kisha nikamkasirikia, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyesema lile neno. Miaka minane nimeogopa kitu ambacho hakikuwepo. Nilikutoa wewe kuokoa ndoa yangu, na ndoa yangu haikuwa na shida yoyote. Kama ningekuwa nimeokoa kitu, labda ningepata la kujitetea. Nilikutupa bure.

Jumapili nikaenda kwa Makori, Baba Nyaboke akiwa nami. Nikamweleza yote. Alicheka kidogo, kicheko kisichopendeza.

"Shemeji, mwezi wa kwanza uliniambia hivi. Leo waniambia vile. Nipeleke lipi?"

Baba Nyaboke alinisemea, lakini Makori akatikisa kichwa, akasema mume naye atasema nini ila kumtetea mkewe. Akanieleza kwamba mwalimu mwenyewe hajachumbia kwingine, ila mama yake ameanza kuulizia msichana wa kwao huko. Akasema, "Neno lako limeshachacha. Kama ni kweli, kaliseme nyumbani kwenu, mbele ya wazee wenu na wetu, na kijana akae hapo wamwone."

Kwa hiyo nakuja. Baba Nyaboke ameomba likizo, tutapanda gari la moshi mpaka Kisumu, kisha basi. Shule zikifungwa utatuona. Baba nimemwandikia barua yake, aite wazee. Nitasimama uani, niseme Ogeto ni mtoto wa mama yangu, ananifuata mimi, nilimbeba mgongoni, na kwamba nilidanganya. Sijui kama wataniamini. Sijui kama mama yake mwalimu atatuma mtu. Akikataa, utakuwa umempoteza mwanamume mwema kwa mdomo wangu, na maji yakimwagika hayazoleki. Sikuombi unisamehe. Ukitaka siku hiyo uende kwa wajomba zako usinione, nenda, nitapika mimi.

Mama Mdogo hajui Kiswahili, najua. Mtafsirie. Usipunguze neno, wala usiseme dada alikuwa amechanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Akitaka kunitukana mwache anitukane, anayo haki.

Mama Bosibori umpe salamu zangu kwanza, na umpelekee moto. Mjomba mwambie aichome ile kamba, na kama hataki aningoje mimi. Baba mwambie ninakuja bila zawadi. Mama Mdogo sithubutu kumsalimu kwa karatasi.

Likizo ni siku ishirini na moja. Siku zote hizo Ogeto atakuwa wangu, wewe ulale, uende Kisii, uende popote. Jana nilikaa nikapanga asubuhi ya kwanza nitafanya nini, nikaona sijui pa kuanzia. Akikataa kula unamwambiaje? Uji wake unautia sukari? Anakubali kunyolewa na nani? Akianza kuimba kwa sauti, anyamazishwe au aachwe amalize? Ni nini kinachomtisha? Niandikie yote, hata yale madogo, maana nimekaa na karatasi hii tangu mchana najaribu kukumbuka sauti yake na siipati.

Ni mimi Kwamboka,
dada yake Ogeto, tumbo moja.