Visu Ishirini na Viwili Sandukuni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Mpanda, Mkoa wa Rukwa
Kuhusu: Kifo cha Callixte Ndayizeye, Magamba, tarehe 18/8/1996
Jina: Alois Kazumba
Umri: Miaka 76
Kabila na dini: Mfipa, Mkatoliki
Kazi: Mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: Magamba
Tarehe na saa ya kuanza: 11/3/1997, saa 3:40 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nina akili timamu. Kilichochoka ni mwili. Nimeletwa hapa na mkwe wangu Arcade kwa baiskeli, nikiwa nimefungwa kwa kanga kwenye mgongo wake ili nisianguke kwenye matope. Naomba iandikwe hivyo, kwa sababu mtu anaweza kusema baadaye kwamba mzee alibebwa na hakujua anachosema. Kubebwa nimebebwa. Ninachosema ninakijua.

Mnamo tarehe 3 Machi mwaka huu daktari aliniambia kwamba uvimbe nilio nao tumboni hautapona. Nilimwuliza kama nitaona mavuno ya Mei. Alisema, "Mwalimu, usiyapangie." Ndiyo maana nimekuja sasa. Nilipaswa kuja miezi saba iliyopita.

Katika jalada hili yamo maelezo yangu mengine ya tarehe 20 Agosti 1996. Nilisema kwamba nilimwona marehemu akinywa maziwa yaliyoletwa na Nyanzala, kisha akaugua na kufa. Kila neno lilikuwa la kweli. Leo nataka kueleza nilichokiacha.

Marehemu Callixte nilimfahamu tangu mwaka 1974. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mhunzi, akiishi Kasokola. Alifua visu kwa springi za malori yaliyokufa, na mipini aliitengeneza kwa pembe za ng'ombe. Sijaona visu kama vile mahali pengine. Babu yangu aliyeyusha chuma kwenye tanuru la udongo kule Ufipa, na nilipokuwa shule ya misheni niliona aibu kumtaja. Nadhani ndiyo sababu kisu cha kwanza cha Callixte nilikishika muda mrefu kuliko mtu anavyoshika kisu.

Callixte alikuwa na masharti yake. Hakumwachia mtu kisu mpaka mtu huyo akate kitu mbele yake, hata kama ni muhogo. Kipande cha kwanza kilichokatwa kwa kisu hicho kilikuwa cha mwenye kisu. Tena kila mwaka baada ya mavuno alizunguka kwa miguu kwenye nyumba zote zenye visu vyake, akavinoa bure, akapima kwa kidole gumba jinsi vilivyolika. Kisu kilicholika kilimfurahisha. Alikuwa akisema, "Kisu kikikonda, mwenye nyumba ananenepa." Mke wangu Romana alikuwa akimjibu kwamba basi amletee kinachokonda haraka, maana yeye bado anangoja.

Kwangu alinoa kisu kimoja tu, kile cha jikoni. Alikuwa ameniuzia ishirini na vitatu. Vingine nilimwambia nimewagawia watoto wangu walioko Sumbawanga na Tabora, na kwamba vinafanya kazi. Si kweli. Vyote ishirini na viwili vilikuwa kwenye sanduku la mninga chini ya kitanda changu, kila kimoja ndani ya ala yake ya ngozi ya mbuzi, kikiwa na kikaratasi chenye namba. Namba hizo nimeziandika kwenye daftari pamoja na tarehe, aina ya springi na rangi ya pembe. Jumapili baada ya misa nilivitoa, nikavitazama, nikavirudisha. Chuma kile kikipata maji huota madoa, kwa hiyo sikuruhusu maji yakisogelee. Mke wangu alikuwa akiniambia kwamba nyumba yetu ina visu vingi kuliko nyama. Nilidhani ni utani.

Mwezi Februari 1994 niliona unga chini ya sanduku. Wadudu walikuwa wanakula pembe na ngozi. Nilichukua dawa ya kuua wadudu wa tumbaku iliyobaki shambani, nikaichanganya na mafuta ya cherehani, nikapaka mipini na mabapa ya visu, na nyingine nikaimimina ndani ya ala. Wadudu wakafa. Nikawa ninarudia kila baada ya miezi minne. Mara ya mwisho ilikuwa katikati ya Julai 1996.

Koplo anayeniandikia ameniuliza kama nilijua dawa ile ni hatari kwa binadamu. Kopo lina alama ya fuvu la kichwa. Nimefundisha watoto wa Magamba kwa miaka ishirini na sita kwamba alama ile maana yake ni usiguse. Kila nilipopaka nilivaa mfuko wa nailoni mkononi.

Siku ya Jumapili tarehe 18 Agosti 1996 mjukuu wangu Theopista alipata kipaimara. Tulirudi kutoka kanisani saa 5:30. Wageni walikuwa kama thelathini. Callixte alikuja kutoka Kasokola bila kualikwa kwa barua, kwa sababu hakuhitaji barua. Nyanzala, jirani yangu, mjane wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake mwaka 1989, alileta kibuyu cha maziwa ya mgando. Hakuna aliyemwagiza. Huleta tu. Callixte aliyaomba, akamiminiwa, na Malale, shemeji yake Nyanzala, naye akamiminiwa. Hapo ilikuwa saa 6:45.

Mbuzi wa pili alikuwa bado anachunwa na kisu cha jikoni kilikuwa huko. Maini yalikuwa yamekwisha kuchomwa, yako kwenye sinia, hayajakatwa. Mke wangu alikuwa amechoka na jua. Alisema kwa sauti mbele ya watu, "Baba Matilda, si utoe kimoja kwenye sanduku lako? Vyote hivyo vinangoja harusi ya nani?"

Callixte aligeuka akaniangalia. Aliuliza ni sanduku gani. Watu walicheka, na mmoja akamwambia kwamba Mwalimu ana bweni la visu, vinalala mchana na usiku. Sikuwa na namna. Nililitoa.

Alipiga magoti akavitazama vyote bila kuvigusa. Nilitegemea atanikasirikia. Alisoma zile namba. Kisha akanyanyua cha 17, ambacho alikifua kwa siku nane mwaka 1983, akasema, "Huyu mtoto wangu hajafanya kazi hata siku moja." Alikivuta kwenye ala, akakinusa. "Mwalimu, hiki kinanuka duka." Watu walicheka tena. Mimi pia nilicheka.

Romana alileta maji kwenye karai ili kioshwe. Naomba hapa niende polepole.

Nilimzuia. Nilisema maji yatakiharibu. Nilikichukua mkononi mwa Callixte, nikakifuta kwa kitambaa cha meza pande zote mbili, nikamrudishia. Nilijua nilichokuwa nimekipaka. Kusema kwamba visu vya fundi nimevipaka sumu, mbele yake na mbele ya wakwe na katekista, sikuweza. Nilijiambia dawa imekwisha kukauka na kwamba kitambaa kinatosha. Nilijiambia haya kwa muda mfupi kuliko ninaotumia sasa kuyasema.

Callixte alikata ini. Lilikuwa la moto na lenye mafuta. Alinipa kipande cha kwanza kwa ncha ya kisu, kama masharti yake yalivyo, kwa sababu kisu kilikuwa changu. Nilikataa. Nilisema sina meno. Alisema, "Basi atakula baba yake," akakila. Kipande cha pili alimpa Malale. Vilivyofuata waligawana watu wengine na hawakupata madhara.

Koplo ameniuliza kama kweli nilikataa kwa sababu ya meno. Ameniambia kabla sijajibu kwamba naacha kuwa shahidi na naanza kuwa mtuhumiwa, na kwamba naweza kunyamaza. Nimemwelewa. Naomba liandikwe jibu langu: maini hayahitaji meno.

Saa 7:20 Callixte alianza kutoka jasho. Mate yalimtoka mdomoni kama mtoto mchanga. Alisema haoni vizuri. Niliangalia macho yake na mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Nilishawahi kuziona hivyo mwaka 1988 kwa mkulima aliyepulizia tumbaku upepo ukamrudia. Nilijua saa ileile. Yule mkulima alipona kwa sababu waliomleta hospitali walimwambia daktari ni dawa gani. Mimi nilisimama tu. Malale alianza kutapika. Mtu mmoja akasema wote wawili walikunywa maziwa, na nikasikia jina la Nyanzala likipita kutoka kundi moja hadi jingine. Callixte alitetemeka mwili mzima. Walimlaza kwenye trela la trekta kumpeleka mjini. Alinishika mkono kabla halijaondoka. Alidhani nitapanda naye. Saa 8:15 alifariki njiani.

Saa 11 jioni nilikiosha kisu cha 17. Nilikiosha kwa majivu, kisha kwa sabuni, kisha kwa majivu tena, na maji ya kisima ndoo mbili. Nilipoinua kichwa Romana alikuwa mlangoni. Alisema, "Leo umekiosha." Tangu siku hiyo hajalitaja jambo hili, wala hajaniita Baba Matilda.

Kesho yake sungusungu, walinzi wa kijiji, walikutana. Malale, aliyenusurika, alisema shemeji yake ana macho mekundu na ameshazika mume na watoto wawili, na akauliza nani asiyejua maana yake. Mwenyekiti alisimama akasema tumsikilize Mwalimu, kwa kuwa nyumba ni yake na ni mtu wa elimu. Watu wote walinigeukia. Nilisema sikuona mtu akitia kitu kwenye maziwa. Niliona nimesema vizuri. Walisikia kwamba Mwalimu hakukataa. Walimfunga Nyanzala mikono kwa kamba ya kufungia ndama, na nyumba yake ikachomwa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni, si kwa uchawi. Nimekaa jirani naye miaka saba na nimeliona jiko lake.

Polisi walipofika walikuta kwake chupa ya dawa ya kupe, kama iliyoko kwa kila mwenye ng'ombe. Hiyo ndiyo iliyomfikisha mahabusu. Kopo langu lilikuwa limefukiwa nyuma ya choo. Leo nimelileta.

Mjane wa marehemu, Emelyne, aliniletea visu vitatu ambavyo mumewe hakuvimaliza. Alisema Callixte aliwahi kumwambia kwamba akifa, mtu anayejua thamani ya kazi yake ni Mwalimu. Nilivipokea. Nimevileta pia. Hivyo havina namba na havijapakwa kitu.

Kuna jambo la leo. Asubuhi saa 3:10, nikiwa kwenye benchi la nje nikisubiri kuitwa, walipita mahabusu wanaopelekwa mahakamani kesi zao zitajwe. Wa tatu alikuwa Nyanzala. Sikumtambua mpaka alipoongea. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, hata nilitaka iwe hivyo. Alisimama, askari akamwacha, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Umekonda sana. Nani anakuletea maziwa siku hizi?"

Sijui kama nilimwitikia shikamoo yake.

Nakabidhi sanduku lenye visu ishirini na viwili, daftari, kopo la dawa, na visu vitatu visivyokwisha. Naomba mtu yeyote asikate chakula kwa visu vya sandukuni kabla havijaoshwa, na vikishaoshwa, naomba visirudi sandukuni. Kisu cha 17 mtakitambua bila kusoma namba. Ndicho pekee chenye kutu.

Nimeyasema haya bila kulazimishwa wala kuahidiwa kitu. Nimejisomea kurasa zote kwa miwani yangu na nimesahihisha maneno mawili. Koplo ameniletea wino wa kidole kwa kuwa mkono hauna nguvu. Nimeomba kalamu. Niliyoyatenda nayatia sahihi kama mtu anayejua kuandika.

Sahihi: A. Kazumba

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Mimi WP 1186 Koplo Prisila nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na Mzee Alois Kazumba, ambaye alionywa kisheria yalipofikia sehemu ya maini na akachagua kuendelea. Yamekwisha saa 6:55 mchana. Alipumzika mara nne. Vielelezo nimevipokea na kuvihesabu, navyo ni pungufu ya alivyotaja kwa kisu kimoja: sandukuni kuna visu ishirini na kimoja na ala tupu yenye namba 17. Kisu cha 17 kilikuwa kimefungwa peke yake ndani ya kitambaa cha meza, kwenye mfuko wa koti la shahidi. Amekitoa mwenyewe nilipomwuliza.

Saa 8:10 mchana, kwa idhini ya mkuu wa kituo, nilimfahamisha mahabusu Nyanzala, kabla hajarudishwa gerezani, kwamba maelezo mapya yamepokelewa na yatapelekwa kwa mwendesha mashtaka leo hii. Aliomba nimweleze. Nilimweleza habari ya kisu, dawa na kitambaa. Kisha aliuliza, "Maji si yalikuwepo?" Nilimjibu kwamba yalikuwepo, kwenye karai. Aliuliza, "Sasa kwa nini hakukiosha tu?"

Nilirudi nikamsomea Mzee swali hilo, endapo angependa kuongeza neno kwenye maelezo yake. Aliomba swali liandikwe kama lilivyoulizwa.

WP 1186 Koplo Prisila
Mpanda, 11/3/1997