Majani ya Siku ya Nane

Baba yangu,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Tangu asubuhi hili ni birika la tatu na sijamaliza kikombe hata kimoja. Hapa Mpemba foleni ya malori imefika mbele ya mlango wangu, madereva wanapiga honi utadhani mpaka wa Zambia utasogea kwa kelele. Mpiga chapa anasubiri neno langu kabla ya saa kumi: pakiti zangu za majani ya chai ziandikwe kwamba zimetoka wapi. Neno moja tu, na nimeshindwa kulitoa kwa sababu yako.

Mzee Shabani mwenye duka la jumla yuko tayari kuzichukua zote, kwa sharti. "Andika Tukuyu, binti yangu. Chai ya milimani. Nani atapanda mlima kwenda kuuliza?" Nikamwambia majani haya yanatoka kusini mwa Malawi, bondeni, kwenye joto. Akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Sasa hilo nalo ni la kutangaza? Watu wanataka ukungu na baridi, wewe unawaletea jasho!"

Hapo nikakumbuka kwamba hata wewe jasho hilo ulilificha.

Unakumbuka ulivyonifundisha pale Ihanda, nyuma ya jiko la mama? Wenzetu wakianika kahawa, sisi wawili na bakuli letu jeupe la bati, na majani uliyoletewa na wenzako wa kule Malawi. Kijiko kimoja, maji yanayotokota, nihesabu mpaka mia mbili na arobaini. Nikiruka namba, naanza upya. Kisha kuvuta kwa kelele, ulimi wote upate, na kutema kwenye migomba. "Ya juu hunukia," ulisema, "ya chini husimama." Ukanieleza kwamba mlimani baridi hulichelewesha chipukizi, likakaa wiki mbili likijikusanyia harufu, bondeni jua na mvua hulisukuma, umechuma leo, siku ya nane limekwisha kurudi, linakungoja. Ndiyo maana halina manukato mengi. Lina rangi, nyekundu ya shaba, na lina nguvu ya kubeba maziwa. "Ila ukilipika kwa muda wa chai ya mlimani litakutia ukakasi mdomoni, halafu utalisingizia."

Miaka sita uliyachuma majani hayo. Ulinionyesha vidole gumba vyako, ule weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni. Nilikuwa na miaka tisa na niliyajua hayo kuliko jedwali la kuzidisha, na jedwali nililijua lote.

Halafu akaja Mjomba. Kaka yake mama, mwenye shamba la kahawa, anayesoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata boksi la kiberiti. Akanywa, akasifu rangi.

"Shemeji, hii si ndiyo ile ya kiwandani Tukuyu, ulikokuwa mnyapara?"

Ukasema, "Ndiyo hiyohiyo."

Mimi nikadakia: "Hapana, Mjomba, ni ya bondeni Malawi, Baba alikuwa anaichuma mwenyewe kwa mko—"

Ukanikanyaga mguu. Kwa kisigino cha kiatu cha kanisani, chini ya meza. Ukatabasamu, ukasema, "Huyu mtoto ana homa ya maneno." Mjomba akagonga meza: "Kuchuma majani! Mwanaume mzima na kikapu mgongoni, kama anafuata mboga!" Na wewe ukacheka naye. Kicheko hicho kiliniuma kuliko kisigino.

Hukuniomba radhi. Miaka thelathini na moja, Baba. Nilipoanza kuuza chai barabarani pale Chapwa, chupa mbili tu, ulisema chai si kazi ya kujionyesha nayo. Nikazihesabu dakika peke yangu. Madereva ndio walioniambia nilichonacho. Mmoja wa Zambia haachi kusimamisha lori kila safari: "Bamayo, mama yangu, chai za wengine ukitia maziwa zinakufa. Ya kwako inagombana nayo!" Nilitaka kuja kukuambia. Sikuja.

Siku ya mazishi yako, aliyesoma wasifu wako akasema ulikuwa mnyapara kiwandani Tukuyu. Nilikuwa jikoni nawapikia waombolezaji majani ya bondeni, sufuria nne, dakika nne kila moja. Wakanywa, wakasifu. Nikawaongezea. Mguu wangu ulijivuta wenyewe chini ya kanga.

Ninakuelewa kidogo. Umeoa kwenye nyumba ya kahawa, huna hata shina moja lako, ukajipa cheo ili ukae mezani na wakwe. Ninakuelewa, na hasira bado ninayo.

Kwa hiyo leo nimejaribu njia yako. Nikaandika "Tukuyu" kwenye karatasi, nikapika kama atakavyopika mtu aliyeamini kwamba ameshika chai ya mlimani: dakika saba. Nikavuta. Ukakasi ulinishika mpaka kwenye fizi, nikatema kwenye ndoo. Nikapika tena, dakika nne, maziwa. Ikasimama. Basi nikaona hesabu yake, Baba: uongo ule haumfichi mtu tu, unaiharibu na chai yenyewe, na lawama zinabebwa na jani lisilo na kosa.

Saa tisa na dakika ishirini nimempigia mpiga chapa. Andika: Chai ya bondeni, kusini mwa Malawi. Jani la siku ya nane. Dakika nne, kisha maziwa. Mzee Shabani amesikia, ameguna: "Basi nipe katoni moja, nione jasho lako litanywewa na nani." Moja inatosha. Mimi nilianza na chupa mbili.

Jumapili nakwenda Ihanda na pakiti ya kwanza. Mjomba ameshazeeka, lakini bado anasoma kila kitu kwa sauti. Nitamwekea mkononi, nitakaa palepale mezani, na akifika kwenye neno "bondeni" akaniuliza nani alinifundisha, nitamwambia.

Safari hii, Baba, usinikanyage mguu.

Pumzika.

Ni mimi binti yako, yule wa homa ya maneno