Gari Lililopiga Magoti Njia ya Gotu

Salaam aleikum Guyo,

Sisi tuko salama. Ngamia wetu mwekundu amezaa, na nyanya yako anamaliza maziwa akisema mzee kama mimi kazi yangu ni kulala tu.

Unauliza kama utoe akiba yako yote ununue lile gari la kifahari lililotumika. Umeuliza bingwa! Shule niliacha darasa la nne, lakini Isiolo nzima nani alishika usukani kama mimi?

Nilikuwa na moja kama hilo, jeusi, viti vya ngozi. Nililiendesha kwenda Gotu kumposa nyanya yako. Lilielea juu ya mawe kama mtu anaota. Halafu mifuko ya hewa inayolibeba badala ya springi, raba imezeeka, ikapasuka. Gari likashuka polepole mpaka tumbo likagusa mchanga.

Mchungaji mmoja wa ngamia akalizunguka. "Bwana harusi, lishushe mzigo, litaamka."

Na mimi, bingwa, nikashusha! Nikakaa kwa kile kiti laini, milango wazi, nikitazama mazigazi yakicheza mbali kama maji, nikingoja liamke.

Fundi alisema mifuko mipya na pampu yake ni bei ya ngamia watatu. Hao walikuwa wa mahari. Nyanya yako alingoja mpaka nikapata wengine.

Wewe nenda asubuhi, kabla muuzaji hajaliwasha pampu ikaliinua. Ukikuta limelala upande mmoja, mifuko inavuja; ingia, kaa kidogo, funga macho. Halafu shuka, uende zako na akiba yako.

Babu yako,
Jarso