Siku Tuliyosomea Kwenye Ngitili

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba. Huku Mhunze tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kama uendelee kufundisha masomo yote kwa mada moja, maana wazazi wa hapo Masumbwe wanalalamika kwamba watoto wanacheza tu.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu Kabula alitupeleka kwenye ngitili ya kijiji, yale malisho yanayofungwa mifugo isiingie hadi kiangazi. Tulipima eneo, tukachambua aina za nyasi, tukaandika masimulizi ya mzee mlinzi. Hisabati, sayansi na Kiswahili, vyote pale pale. Baba akaja amefura kwa hasira. "Nilimleta asome, siyo achunge."

Mwalimu hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Mwambie baba yako kama nyasi hizi zitawatosha ng'ombe wa kijiji hadi mvua zinyeshe."

Nikapiga hesabu kwa vipimo tulivyochukua. Hazingetosha. Baba aliondoka, na wiki ile ile akahamishia nusu ya ng'ombe wake kwa mjomba.

Mwalimu kama yule sijamwona tena. Baadaye baba alirudi pale ngitilini, akasimama penye uzio wa miiba, kofia mkononi.

"Mwalimu," akauliza, "kesho mnasoma nini?"

Bibi yako,
Mbuke