Kifaru cha Neema

Xiaobei, huku Uchina, Jumanne

Neema tena! Viza yangu imekwisha na polisi wanakagua pasipoti hapo chini, kwa hiyo nimeshinda chumbani na huyu Mtanzania na sampuli yake ya kifaru. Ni cha watoto, mfano wa vile vya Wajerumani vilivyotema moto vitani. Ukibonyeza, ulimi mwekundu wa plastiki unachomoza. Amebonyeza kutwa nzima. Anataka kuagiza katoni kumi za Krismasi.

Ningekitupa dirishani, lakini polisi…

“Dada, mbona umenuna? Si moto wa kweli!”

Namchukia leo, Mungu anisamehe.

Waliochoma nyumba yetu Uvira hawakuja na kifaru. Walimwomba mama kiberiti, naye akawapa.