Miaka thelathini na minne nimemwita wifi yangu muuaji

Mshauri mpendwa, naomba msaada, ingawa kuomba si kawaida yangu, mimi ndiye huombwa. Shule niliishia darasa la nne lakini ni fundi cherehani, nusu ya wanawake wa mtaa huu wameolewa wakiwa wamevaa nguo zangu, kwa hiyo usinisome kama mjinga, soma mpaka mwisho ndipo useme.

Binti yangu wa mwisho amejifungua. Alipokuwa mjamzito kliniki walimwambia ana kisukari cha mimba, apunguze vitu vitamu na asikose kurudi kupimwa, nami ninayemeza vidonge vya sukari mwaka wa sita sasa nikamcheka, nikamwambia huo ni ugonjwa wa wazee, wewe kula, ukoo wetu tunazaa majitu. Basi akazaa jitu kweli, kilo nne na gramu mia nane, vinguo nilivyoshona havikupita hata kichwani, na mimi pale wodini nikaufungulia mdomo, nikawaambia kinamama wengine, "Huyu ndiye mtoto, hivyo vyenu ni vijiti vya kiberiti." Hazikupita saa mbili mtoto akaanza kutetemeka mikono, ziwa halishiki, kilio chembamba kama cha paka aliyefungiwa kabatini, nikamrukia nesi, "Nani amemwogesha mtoto kwa maji ya baridi?"

Nesi akasema, "Bibi, huyu hajaogeshwa bado. Tangu azaliwe hajaguswa na maji."

Mshauri, nilijikuta nimekalia ndoo ya watu.

Wakamtoboa kisigino wakakuta sukari imeshuka mno, wakamkimbiza chumba cha vichanga wakamwekea dripu, jioni kutetemeka kumekwisha. Nesi akanieleza kwamba tumboni mtoto alikuwa akiletewa sukari nyingi ya mama, mwili wake ukazoea kuichoma kwa kasi, kitovu kilipokatwa sukari ikakoma lakini mwili ukaendelea kuchoma. Akaniuliza, "Wewe bibi, hukuwahi kuzaa mtoto mkubwa hivi akapata shida?" Nikamjibu, "Hata siku moja." Binti yangu amekaa pale pale.

Nilizaa. Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, mizani ya mkunga ilisema kilo tano. Siku ya pili wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alimwogesha asubuhi, mtoto akatetemeka, akalegea, adhuhuri akafa. Mbele ya watu wote waliokuja kuzika nikamnyooshea kidole, "Umemuua mwanangu kwa maji yako ya baridi." Alijitetea mara moja tu, "Yalikuwa vuguvugu, wifi, nilipima kwa kiwiko," nikamwambia funga mdomo, naye akaufunga hadi leo. Nikazaa wengine watatu, hakuna hata mmoja aliyemshika, akija anasimama mlangoni na zawadi yake, naipokea, nafunga mlango.

Sasa mjukuu ana siku tisa, yuko nyumbani mzima, na wifi ametuma ujumbe: "Naomba nije nimwone, nitasimama mlangoni tu." Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani shangazi ananuka?" Nikajifanya natafuta sindano.

Naona aibu, Mshauri. Je, siwezi kumshonea gauni zuri, nikampa mtoto ambebe, mambo yakapita kimyakimya? Na mimi nina heshima yangu. Halafu nani ana hakika kwamba ilikuwa sukari? Mwanangu hakupimwa. Nikiomba radhi kumbe yalikuwa maji kweli?

Bibi fundi

JIBU

Bibi, pole. Mtoto wa siku mbili ni mtoto, na pole hiyo huenda hukuwahi kupewa ipasavyo. Sasa nisikilize, maana nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoamrisha.

Ni kweli, hakuna awezaye kukuambia kwa hakika kilichomuua mwanao. Lakini hebu jionee: leo unataka kipimo ndipo uombe radhi, ile siku ulipomwita mwenzio muuaji ulipima nini? Hakika hukuwa nayo. Ulikuwa na uchungu, na yeye alikuwa karibu. Na gauni liweke kando. Watu watasifu ushonaji wako, nawe utafurahi. Hata katika kutubu unatafuta sifa!

Anza na binti yako. Mwambie leo, kisha nendeni kwa nesi ukaufute ule uongo. Binti apimwe tena sukari wiki sita baada ya kujifungua hata akijiona mzima, na mimba nyingine ikija awahi kliniki mapema. Asijilaumu, wengi wenye kisukari cha mimba wakifuata matibabu huzaa watoto wazima, ilimradi wasiwe na mtu wa kuwacheka nyumbani. Mtoto anyonye mara kwa mara, na akilegea, akikataa ziwa au akitetemeka, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usimpigie mtu kelele, beba mtoto mwende.

Kisha wifi yako. Usimwite kwako, nenda kwake. Ulimchafua mbele ya watu, kwa hiyo watafute walio hai kati ya waliokuwepo msibani, uende nao. Sema, "Nilikusingizia." Usiongeze "lakini". Usimdai msamaha, wala usilie ili yeye ndiye akubembeleze. Akikufukuza, toka. Akitaka kusema, kaa umsikilize hata akichukua siku nzima. Zamu yako ya kusema ilikwisha zamani.